Biti Iliyoshuka Yenyewe

Bungamati,
mwishoni mwa mvua

Mdogo wangu mpendwa Bekha,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani, zikukute una afya, umekula, na jua la huko Doha limekuhurumia walau kidogo. Kama unataka kujua hali zetu, mimi mwili ni mzima. Baba mdogo Buddhalal goti lake linamsumbua kila mvua inapokaza, na kila likimsumbua anatutangazia sisi kama redio. Shangazi Heramaya aling'olewa jino mwezi uliopita, na mpaka leo anaapa kwamba daktari alichukua lile zima akamwachia bovu. Paa la nyumba ya mungu limekamilika, vigae vyote vimekaa, ila tundu la dirisha la kati bado limezibwa kwa turubai. Upepo ukivuma turubai linapigapiga, nasi tunalisikia mpaka jikoni.

Barua hii anakuletea Rajkaji, pamoja na mfuko wa mchele wa kupondwa na nyama ya nyati niliyoikausha mwenyewe juu ya moto. Nyama iangalie vizuri ukipokea. Rajkaji ameniapia hataigusa, lakini unamjua tangu shule.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Tangu Baba afariki nimekupigia mara nne nikiwa nimedhamiria kukuambia jambo moja, na mara zote nne nimeishia kukuuliza umekula nini. Wewe nawe unajibu "wali, dada", kisha tunaagana. Karatasi hainijibu kitu, kwa hiyo nimeona niiambie karatasi. Tena Mohani, sikukuu yetu ya kuzipaka zana, imebaki wiki tatu, na sitaki ifike kabla hujajua.

Rajkaji alinisimulia kitu juzi, hakujua kama kitaniumiza. Aliniambia kwamba huko kazini kwenu msimamizi akitaka kujua kama jukwaa la vyuma liko salama, anakuita wewe upitie nati moja moja, na kwamba wewe unazipitia mara mbili na wenzako wanakucheka. Nilimwitikia nikacheka na mimi. Alipoondoka niliingia stoo nikalia.

Naomba nianzie siku ile ya dirisha, ingawa ulikuwepo. Nataka uisome kama nilivyoiona mimi, maana ushahidi wangu sijawahi kuutoa kwa mtu.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi baada ya Mohani. Zana zilikuwa zimepumzika siku tatu juu ya mkeka, kama kila mwaka, na Baba alitaka mkato wa kwanza uwe kwenye dirisha la nyumba ya mungu. Miezi kumi na minne alikuwa amelichonga. Macho yake yalikuwa yamebaki robo, vidole ndivyo vilivyokuwa vikiona badala yake, na ule mkono wa mungu wa kike Tara ulionyooshwa, kiganja wazi, ulimchukua mwezi mzima peke yake. Alikwisha sema hilo ndilo la mwisho. Kazi yako ilikuwa ndogo: kulilaza kifudifudi juu ya blanketi na kuchimba mfereji mgongoni kwa rauta, kina cha nusu kidole, ili likae kwenye fremu. Baba hakuwahi kuipenda mashine hiyo ya umeme, lakini siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyekuambia uilete.

Mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili ili mbao isicheze. Nilikuona ukitia shina la biti, kile kisu chake kinachozunguka, kwenye koleti, kile kikombe cha chuma chenye mipasuo kinachobana shina nati inapokazwa. Nilikuona ukilisukuma mpaka chini, kisha ukalirudisha juu unene wa punje ya mchele, maana shina likigusa chini halishikwi vizuri. Ukachukua spana mbili, moja ya kuzuia na moja ya kukaza, na ukakaza mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Niliyaona haya yote kwa macho yangu nikiwa hatua moja kutoka kwako.

Mashine ikaanza vizuri. Ulipofika katikati sauti ikawa nzito, nawe ukazima palepale. Ulipoinua, biti ilikuwa imeshuka kutoka mahali pake karibu upana wa kidole. Ile yenye mikato ya mzunguko ikilegea hujivuta yenyewe kuingia ndani ya mbao, na wewe ulikuwa ukisukuma ukidhani kina ni kilekile. Tulipoligeuza dirisha, kiganja cha Tara kilikuwa kimepasuliwa, na mwanga unapita.

Baba alikipapasa kiganja kile kwa kidole gumba, kwenda na kurudi. Akakuuliza kama ulikaza. Ukamjibu, "Nilikaza, Baba. Kwa spana mbili, nilikaza."

Akasema, "Basi mbao imejichimba yenyewe."

Unayakumbuka maneno hayo kuliko mimi. Alizifunga patasi zake kwenye kitambaa cha mafuta siku ileile na hakuzifungua tena. Baba mdogo alipojitolea kulitia kiraka dirisha, alimwambia akamtie kiraka mama yake. Kwa kuwa mama yao ni mmoja, hakuna aliyecheka.

Baba mdogo, kwa haki yake, alijaribu kukutetea kwanza. Alipima shina la biti, likawa milimita sita, na koleti nayo ya sita. Kumbe alikuwa akitumaini kwamba umechanganya na zile za inchi. Akautikisa mhimili wa mashine, haukucheza. Akachungulia mdomoni kwa juu, akaona pasafi. Basi, mashine ikiwa haina kosa, wakaona kosa ni lako. Kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa umeshakubatiza. Kinyozi ndiye aliyeanza, "Nati Nusu, karibu kiti, lakini kikaze kwanza," na wale bibi wa kisimani wakadakia. Ulivumilia mwezi mmoja na nusu. Siku uliyoondoka Baba hakushuka kukutia tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso. Alisema ana kizunguzungu. Hakuwa na kizunguzungu, Bekha, alikuwa amekaa kitandani anasikiliza teksi ikiondoka.

Sasa sikiliza yaliyofuata baada ya wewe kwenda.

Baba mdogo alianza kuitumia rauta kwa milango. Ikamshukia kwenye mlango wa kwanza, akasema ni haraka zake, akauficha ubao nyuma ya banda. Ikamshukia tena. Safari hii alitupa spana chini akapiga kelele, "Hii mashine imeambukizwa! Bekha kaenda Uarabuni kaniachia ugonjwa wake!" Mafundi wa banda la jirani walikuja kucheka mlangoni. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba kama inamshukia na mzee wa miaka thelathini kazini, labda na wewe ulionewa. Mimi nilifikiri. Nilifikiri, nikaendelea kufagia.

Mwisho akamwita Panchalal wa Patan, yule fundi mnene anayezungumza na mashine kama mkunga na mzazi. Panchalal alifika wakati Baba mdogo amepeleka milango mjini. Baba alikuwa juu kitandani, kifua kimeshaanza. Tulikuwa wawili tu bandani. Panchalal alipima vilevile kama wenzake, akatikisa vilevile, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: aliifungua nati yote akaitoa koleti nje, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaichokoa mipasuo kwa pini. Akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. Akaniuliza, "Jamani, humu nani anailisha mashine mayai?"

Alinionyesha kiganjani mwake. Ndani ya mipasuo, na kule nyuma inakokaa kwenye koni, kulikuwa na ukoko mgumu wa rangi ya damu iliyokauka, umepakwa vumbi la mbao mpaka ukafanana na chuma chenyewe. Akanieleza taratibu kwamba mipasuo ile ndiyo inayoiwezesha koleti kujikunja na kulishika shina. Ikijaa uchafu haijikunji. "Hapo hata ukaze mpaka spana ivunjike, dada yangu, unakaza uchafu, biti hukazi. Anayefanya kazi hawezi kujua. Mkononi anasikia imekaza kabisa." Akausafisha ukoko kwa mswaki na spiriti, akapangusa shina kwa kitambaa kikavu, akalichora alama ya penseli pale linapoingilia, akachimba mifereji kumi kwenye kipande cha sal, mbao yetu ngumu. Alama haikusogea hata unywele.

Ni mimi, Bekha.

Unajua kwamba tangu Mama atutoke mimi ndiye ninayezipaka zana siku ya Mohani. Kila moja sinduri kidogo, ule unga mwekundu, punje za mchele, ua, na kwa kuwa nyumbani kwetu hatuchinji, mashine huvunjiwa yai la bata juu ya kichwa chake. Nje tu. Mama alifanya nje tu, na bibi pia kwa nyundo na misumeno yao. Lakini mwaka ule nilikuwa nimefua koti lako nikakuta mfukoni picha nne ndogo za pasipoti. Hukuwa umemwambia mtu kwamba unataka kwenda nje. Mimi nilikwisha achwa na mume, nikarudi hapa na sanduku moja, na mtu pekee aliyenipokea mlangoni bila kuniuliza nimekosa nini alikuwa wewe. Nilipoziona picha zile nilihisi nyumba imeinama.

Kwa hiyo nilipobaki peke yangu bandani niliitoa biti, nikaipindua rauta mdomo juu, nikamimina yai ndani. Nikatia sinduri na mafuta ya haradali, nikasukuma kwa kidole kidogo mpaka ndani kabisa, nikaiambia mashine ikushike, isikuache uende. Niliisema kwa sauti. Kisha nikapangusa mdomo kwa juu ili usione ukanicheka, kwa sababu ungenicheka wiki nzima.

Siku ya dirisha sikujua. Naapa kwa roho ya Mama, siku ile na mpaka unaondoka sikujua, hata haikunipitia akilini. Nililia na wewe kwa haki. Nilijua siku Panchalal alipofungua kiganja chake. Na Panchalal aliponiuliza mara ya pili ni nani, nilimwambia sijui, labda ni gundi. Nikamwomba amwambie Baba mdogo kwamba ni utomvu na vumbi. Alinitazama kidogo, akainua mabega, akafanya hivyo.

Unajua Baba mdogo alisemaje? Alipanda juu akamwambia Baba, "Kaka, tumeupata ugonjwa. Ulikuwa uchafu. Yule kijana hata kusafisha alikuwa hasafishi!" Nilikuwa nimesimama palepale na birika la chai mkononi. Kwa uongo wangu nilikuongezea kosa la pili, na nikawamiminia chai.

Ilikuwa baridi inaisha. Baba aliishi wiki saba baada ya hapo. Wiki saba, mdogo wangu. Kila asubuhi nilipanda ngazi nikiwa nimepanga maneno, na kila asubuhi nikamwosha uso nikashuka. Nilijiambia ni kwa sababu ya kifua chake, asishtuke. Huo nao uongo. Kwanza niliogopa, kwa kuwa zana ndizo zilizonipa mahali katika nyumba hii, na mwanamke ambaye mkono wake umeharibu dirisha la mungu ataambiwa aende wapi? Na la pili ni baya zaidi, lakini nimeapa nitaliandika. Wewe ulipoondoka Baba alianza kuniita mimi. Chiri njoo, Chiri nisomee, Chiri keti hapa. Maisha yangu yote alikuwa akiliita jina lako, mimi nikipitisha sahani. Nilikionja kiti chako nikakiona kitamu, nikashindwa kukirudisha.

Jumamosi iliyopita, watu wote wa ukoo walipokuwa wamekaa kwenye mkeka kula, nilisimama nikasema. Sahani ya Baba mdogo ilikuwa imejaa. Aliisogeza, akainuka, akaenda kukaa bandani na taa imezimwa. Kesho yake asubuhi, na goti lile, alizunguka mtaa. Alianza kwa kinyozi. Nasikia alimwambia, "Wewe na mimi tumekula jina la mtoto wa watu," na kwamba kinyozi alitaka kutania akaishia kukohoa. Alikwenda kisimani, akaenda na kwa wazee wanaojenga nyumba ya mungu. Amesema nikuandikie kwamba meza yako ya kazi ameondoa makorokoro yake yote na ameipiga randa. Amesema pia kwamba yeye kukupigia simu hawezi kwa sasa, aibu imemkaba, umpe siku chache.

Chakula kinachotoka mkononi mwangu Baba mdogo hakili. Mwaka huu zana atazipaka Shangazi Heramaya. Sijalalamika. Nimehamishia godoro langu chumba cha chini, na wakitaka niondoke nitaondoka, lakini mpaka sasa hakuna aliyesema.

Kuna jambo moja sikulisema pale mkekani, kwa sababu ni lako peke yako.

Mchana wa mwisho wa Baba tulikuwa mimi na yeye. Alikuwa ametulia, hakohoi, vidole vyake vinatembea juu ya blanketi kama vinatafuta mkondo wa mbao. Aliniita, akaniuliza polepole kabisa, "Chiri, wewe siku ile ulikuwa umeshika mbao. Ulimwona. Mdogo wako alikaza?"

Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Hakuniuliza habari ya yai, hakuniuliza nani amekosa. Aliniuliza kitu kimoja tu, kitu nilichokiona kwa macho yangu, na neno lenyewe lilikuwa moja. Nilijua nikisema ndiyo, litafuata swali la pili.

Nilimjibu kwamba sikuangalia.

Vidole vyake vikasimama juu ya blanketi. Kisha akasema, "Ningependa iwe alikaza." Akageukia ukutani. Alfajiri alikwisha kwenda, na moto wa kumchoma akauwasha Baba mdogo kwa kuwa wewe hukupewa ruhusa kazini.

Shangazi anakusalimu sana, na anasema ukija umletee dawa ya meno ya huko, iliyo kali. Majirani wote wanakuulizia kwa jina lako ulilopewa na wazazi. Ujifunike vizuri kifua wakati wa kulala kwenye ile mitambo ya baridi, na ule. Kama utataka kujibu, jibu. Kama hutaki, mtumie salamu Baba mdogo, nami nitajua kwake kwamba u mzima.

Ulikaza, Bekha. Niliona.

Ni mimi dada yako,
Chirimaya Shilpakar